Mimba Zabibu: Baada ya Kusafishwa, Pimeni Hadi Mwisho



Hapa Isiolo waume huniuliza kwa kunong'ona: "Mwalimu, daktari anataka kumsafisha mke wangu kizazi. Je, hiyo si kutoa mimba?"

Mara nyingine tatizo ni mimba zabibu. Yai lililokosa urithi wa mama limeingiwa na mbegu ya baba, kondo likakua ovyo kama kichala cha zabibu, na mtoto hayupo. Mama hutapika sana, hutokwa damu, tumbo hukua upesi, lakini picha haionyeshi mtoto. Kuiondoa ni kuondoa ugonjwa, na Kanisa halikatazi. Ipo aina nyingine yenye sehemu za mtoto. Hapo mwombeni daktari aeleze wazi alichoona, kisha mwoneni paroko.

Lakini kazi haiishii hapo. Kati ya wanawake 100 waliopata mimba zabibu isiyo na mtoto, 15 hadi 20 hubaki na chembe zinazoendelea kukua, ambazo zaweza kugeuka saratani. Alama yake ni homoni ya mimba, HCG, ndani ya damu. Katika miaka ya 1930 wataalamu walianza kumdunga chura wa Afrika Kusini mkojo wa mama, wakangoja kuona kama atataga mayai! Leo mashine husoma damu na kutoa namba.

Homoni hiyo ina maumbo kadhaa. Moja hubeba sukari nyingi kuliko la kawaida, nalo hutoka kwenye chembe zinazochimba ukuta wa kizazi, mwanzoni mwa mimba na katika saratani hiyo. Mashine zote hazipimi maumbo hayo sawasawa. Kwa hiyo mkianza kupima Meru, endeleeni na maabara ile ile, msije mkafurahi au kulia bure. Kijiti cha mkojo cha dukani hakitoshi: homoni ikizidi mno, chaweza hata kuonyesha hakuna mimba.

Kipimo hurudiwa kila wiki moja au mbili hadi homoni iishe, kisha kila mwezi, mara nyingi kwa miezi 6. Kwa mama wa Merti au Oldonyiro hiyo ni nauli ya mbuzi kadhaa. Baba, uza mbuzi. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, karibu wote hupona kwa dawa, na wengi huzaa tena.

Muda huo mimba ingojee, kwa maana mimba mpya hutoa homoni ile ile na mashine haiwezi kujua imetoka wapi. Nanyi mnaofuata njia ya asili, msisubiri hedhi irudi ndipo mwanze kujihadhari. Yai laweza kuitangulia. Mwoneni mwalimu wa njia hiyo mapema, na muwe tayari kujinyima kwa majuma mengi. Ni vigumu, najua. Lizungumzeni wote wawili, wala mke asilazimishwe.

Hakuna aliyeloga, wala si kosa la mke. Mama mkwe akiuliza mjukuu yuko wapi, mume ndiye ajibu.