Mti wa Miaka Mingi na Ruzuku ya Miaka Miwili: Somo la Kuandika Ombi la Utafiti wa Karafuu

Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo ndiyo iliyobeba zao hili. Wenye mashamba wa Unguja waliopanda upya hawakuwa na budi ila kusubiri, kwani mkarafuu hauanzi kuzaa kabla ya kufikia umri wa miaka sita au zaidi, na huchukua miaka mingi mingine mpaka uzae kikamilifu. Funzo hilo lingali na maana kwa kila mtumishi, mwalimu au kikundi cha wakulima kinachokusudia kuomba fedha za utafiti na elimu ya karafuu.

Fedha hizo hutolewa kwa ushindani. Miongoni mwa wanaozitoa ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na washirika wa maendeleo. Masharti hutofautiana, na ni wajibu wa mwombaji kuyasoma yale ya mfuko anaouomba. Hata hivyo, ruzuku nyingi za namna hii ni za miaka miwili au mitatu tu. Hapo ndipo ombi huweza kuharibika: mwombaji huahidi kuongeza mavuno, ilhali mche atakaoupanda hautakuwa umetoa hata karafuu moja siku fedha zitakapokwisha.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni kuchagua swali linaloweza kujibiwa ndani ya muda wa ruzuku. Uchukuliwe mfano wa miche. Mche wa mkarafuu hulelewa kitaluni chini ya kivuli, kisha huhamishiwa shambani, ambako jua kali huweza kuuua kabla haujashika. Swali laweza kuwa hili: je, mche uliopandwa chini ya kivuli cha migomba huokoka kiangazi cha kwanza kuliko uliopandwa peupe? Miche ikipandwa wakati wa masika, jibu hupatikana baada ya jua la Januari na Februari. Mwaka wa pili hutumika kurudia jaribio na kufundisha.

Pili, ombi lieleze namna kazi itakavyofanyika. Tuseme wapo wakulima kumi, na kila mmoja anapewa miche ishirini: kumi kivulini na kumi peupe. Makundi yote mawili yawe katika shamba moja, kwa sababu udongo na matunzo ya mkulima mmoja si sawa na ya mwenzake. Kama miche ya kivulini yote ingekuwa kwa mkulima hodari na ya peupe kwa mzembe, hesabu ya mwisho ingepima uhodari wa watu, wala si faida ya kivuli. Aidha, itajwe mapema nani atahesabu miche, lini, na kumbukumbu zitawekwa wapi.

Tatu, ridhaa ya mkulima ipatikane kabla ya ombi kupelekwa. Yapo mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, na ipo mikarafuu ya Serikali inayokodishwa. Ni lazima ijulikane nani mwenye haki ya kupanda, nani atapalilia, na miche itakuwa ya nani baada ya jaribio kumalizika. Sheha na bwana shamba au bibi shamba wa eneo hilo washirikishwe tangu mwanzo.

Nne, elimu isipimwe kwa idadi ya waliohudhuria mkutano. Watu mia moja wanaweza kukaa chini ya mwembe, wakasikiliza, wakaenda zao. Kipimo kilicho bora ni hiki: katika msimu uliofuata, ni wakulima wangapi waliopanda miche yao kivulini? Ombi linaloahidi kurudi mashambani kuhesabu lina uzito kuliko linaloahidi semina tatu.

Tano, kila fungu la bajeti lifungamane na kazi iliyotajwa. Nauli ya kwenda kuhesabu miche inaeleweka. Gari jipya kwa ajili ya miche mia mbili halieleweki. Zitajwe pia nguvu ambazo mwombaji anazo tayari, kama vile kitalu, ardhi au muda wa watumishi.

Mwisho, taarifa itolewe kwa ukweli. Ikionekana kuwa kivuli hakikusaidia, iandikwe hivyo hivyo. Jibu hilo nalo ni faida, kwa kuwa litamzuia mwingine asipoteze fedha na miche kwa njia ileile. Wakulima waliotoa mashamba yao wawe wa kwanza kuelezwa matokeo, kwa lugha wanayoielewa, kabla taarifa haijawekwa kabatini.

Ieleweke kwamba mkulima anayepanda mkarafuu leo huwapandia pia wanawe. Mche ukifa kiangazi cha kwanza, hakupoteza mche pekee. Amepoteza na mwaka wa kungojea, na mwaka huo hakuna ruzuku iwezayo kumrudishia.