Simbilisi Nyumbani: Vidokezo 8 kwa Wazazi wa Mwambao

Watoto wameona simbilisi kwa jirani, na sasa nyumbani hakukaliki. Kabla hujakubali, jua kwamba huyu ni mnyama wa milimani. Asili yake ni Andes, Amerika ya Kusini, na hata Tanzania hufugwa sana Nyanda za Juu Kusini, kwenye baridi. Dar, Tanga au Mombasa ataishi vizuri ukimlinda na mambo mawili: joto na mikono ya watoto.

1. Kivuli kwanza. Simbilisi hatoi jasho. Joto likipita nyuzi 27 huanza kutaabika. Asikae karibu na bati wala kwenye baraza linalopigwa na jua la alasiri. Desemba hadi Machi, gandisha chupa ya maji, izungushie kitambaa na uilaze bandani. Ataisogelea mwenyewe.

2. Zijue dalili. Akijilaza ubavu, anahema harakaharaka na mate yanamtoka, mpeleke penye ubaridi mara moja. Mlowanishe masikio na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu, kisha umuwahishe kwa daktari wa mifugo.

3. Sakafu iwe bapa na kavu. Waya humtoa vidonda nyayoni. Tandika nyasi kavu au maranda yasiyo na vumbi, na yaliyolowa yaondoe kila siku, maana kwenye joto nzi hawachelewi kutaga kwenye manyoya machafu. Pembeni weka wavu wa matundu madogo. Paka, panya na nyoka wasipate upenyo.

4. Nyasi, nyasi, nyasi. Meno yake hayaachi kukua, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Ziwepo mchana na usiku. Usikate za kando ya barabara kuu wala za shamba lililopigwa dawa.

5. Usisahau vitamini C. Mwili wake hauwezi kuitengeneza, sawa na wetu. Kila siku mpe kipande cha pilipili hoho, jani la sukuma wiki au giligilani kidogo. Marufuku: parachichi na majani yake, vitunguu, majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Waambie watoto mapema kwamba biskuti na ugali ni vyao, si vyake.

6. Wafuge wawili, wa jinsia moja. Akiwa peke yake hunyong'onyea. Ila chunguza jinsia vizuri: jike wa wiki 4 tu anaweza kushika mimba, na baada ya miezi miwili na ushei utakuwa unatafuta banda la pili.

7. Mtoto akae chini ndipo apakatishwe. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ukibeba makalio. Simbilisi akishtuka huruka, na kuanguka kutoka kimo cha mtu aliyesimama kunaweza kumvunja mgongo. Wa chini ya miaka 7 wasimbebe bila mtu mzima kuwapo. Wote wanawe mikono kabla na baada, na ukiona mabaka yasiyo na manyoya, simamisha michezo kwanza: huenda ni fangasi, na choa humhamia mtoto upesi.

8. Gawa kazi, jukumu libaki kwako. Wa miaka 4 achume majani pamoja nawe, wa miaka 8 abadilishe maji. Lakini simbilisi huishi miaka 5 hadi 8, na watoto huchoka mapema. Anayegundua kwamba mnyama hajala tangu jana lazima awe mtu mzima, kwa sababu kwa simbilisi hiyo ni dharura. Na usimpe amoksisilini iliyobaki kabatini: inaweza kumuua. Kama kazi hiyo huna nafasi nayo mwaka huu, wapeleke watoto kwa jirani kila Jumamosi wakacheze na wa kwake.