SOMO LA DARASANI NA NYUMBANI: NZI WA MATUNDA NDANI YA CHUPA

Msimu wa maembe, matunda yenye funza hutupwa kila siku sokoni Marikiti na kwenye nyumba za Mji wa Kale. Kuyatupa pekee hakumalizi nzi. Mwanafunzi anaweza kuona sababu yake kwa chupa moja na mchanga kidogo.

Nzi wa aina mbili

Wadogo wenye macho mekundu, wa milimita 3 hivi, hufuata harufu ya tunda lililoanza kuchachuka. Nzi wa maembe, Bactrocera dorsalis, hukaribia ukubwa wa nzi wa nyumbani na ana mistari ya manjano mgongoni. Jike hutoboa embe likiwa bado mtini na kutaga mayai chini ya ganda. Asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Kwa sababu ya nzi wa matunda, Kenya ilisitisha kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya mwaka 2014, ikarejea 2021.

Hatua

1. Kata sehemu ya juu ya chupa ya plastiki ya lita 5. Tia mchanga wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 5.
2. Weka embe lenye funza juu ya mchanga. Funika kwa kitambaa chepesi na ukifunge kwa uzi.
3. Weka chupa kivulini. Kila siku andika tarehe na ulichokiona.

Kinachotokea

Funza aliyeshiba hutoka kwenye embe, hujikunja na kuruka, kisha huchimba mchangani. Humo hugeuka pupa, kiganda cha kahawia kama punje ya mchele. Baada ya siku 10 hivi, nzi kamili huibuka mchangani. Hesabu: zilipita siku ngapi? Waliibuka wangapi kutoka embe moja?

Kumaliza

Usifungue chupa nzi wakiwa hai. Mtu mzima amimine maji ya moto yenye sabuni kupitia kitambaa.

La kuzingatia

Embe bovu likiachwa chini ya mti au kufukiwa juujuu, udongo hulea nzi wapya. Wakazi na wachuuzi wanahimizwa kuokota matunda hayo kila siku, kuyafungia kwenye ndoo yenye mfuniko, na kuiacha juani mpaka funza wafe, ndipo yapelekwe jaani.