Usukani Unapotetemeka Barabara Kuu: Jinsi ya Kutambua Chanzo

Gari litokalo kijijini kwa mwendokasi wa kilomita 40 kwa saa laweza kuonekana zima kabisa. Likishaingia barabara ya lami na kufikia kilomita 80 au 90, usukani huanza kutetemeka mikononi mwa dereva. Akipunguza mwendo, hali hutulia. Kwa kuwa hutulia, madereva wengi huizoea. Wengine hukimbilia gereji, hulipia alaimenti, kisha hurudi barabarani na mtetemo uleule. Kundi la kwanza lahatarisha maisha; la pili lapoteza fedha. Dereva anayejua kuueleza mtetemo humwezesha fundi kukifikia chanzo chake mapema.

Sababu ya mwendokasi

Gurudumu ambalo uzito wake haulingani pande zote huvutwa na upande wake mzito kila linapozunguka. Nguvu hiyo huongezeka mara nne mwendokasi unapoongezeka mara mbili. Katika gari dogo, gramu 20 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu, gari likiwa katika kilomita 100 kwa saa, huvuta kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa kilo 3, takribani mara 15 kwa kila sekunde. Katika kilomita 50 nguvu hiyo haifiki kilo moja, na dereva haihisi. Tofauti hiyo ndogo ya uzito yaweza kuletwa na kipande cha risasi kilichobanduka kwenye rimu, au na tope lililokauka ndani yake baada ya safari ya masika.

Maswali ya kujiuliza

1. Mtetemo unahisiwa wapi? Ukiwa kwenye usukani, magurudumu ya mbele yakaguliwe kwanza. Ukiwa kwenye kiti na sakafu, ya nyuma.

2. Unatokea katika mwendokasi fulani tu? Mara nyingi hiyo ni dalili ya gurudumu lisilo na balansi, rimu iliyopinda au tairi lililoharibika umbo.

3. Unatokea breki inapokanyagwa? Diski za breki hushukiwa, hasa zikiwa na unene usiolingana.

4. Unazidi mafuta yanapokanyagwa, na kupungua yanapoachiwa? Shafti na jointi zake zichunguzwe.

5. Ulianza baada ya tukio gani? Shimo la barabarani, tairi jipya na tope kila kimoja humwelekeza fundi mahali pake.

Gari lenye kasoro ya alaimenti huvuta upande mmoja, usukani hukaa mshazari gari linapokwenda moja kwa moja, na tairi hulika upande. Alaimenti pekee haiwezi kuponya gurudumu lisilo na balansi.

Ukaguzi kabla ya safari

Gari likiwa mahali tambarare na matairi yakiwa baridi, dereva akaze nati zote za magurudumu kwa spana, apime upepo, asafishe tope ndani ya rimu, na apitishe kiganja kuzunguka tairi akitafuta uvimbe. Uvimbe huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo laweza kupasuka wakati wowote.

Baada ya hapo, magurudumu mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe, gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki na kutikiswa. Likicheza juu na chini, beringi au boli jointi hushukiwa. Likicheza kushoto na kulia, tairodi. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Kwenye gereji

Mteja aombe balansi kwanza, naye atazame gurudumu likizunguka kwenye mashine: rimu iliyopinda huyumba waziwazi. Chanzo kisipopatikana, magurudumu ya mbele na ya nyuma yabadilishane nafasi, kila upande kwa upande wake. Mtetemo ukihama kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, kosa ni la gurudumu au tairi. Ukibaki palepale, breki, beringi na viungo vya usukani vichunguzwe. Vipuri vipya vinunuliwe baada ya hatua hizo, na gari lijaribiwe bila kuvuka mwendokasi unaoruhusiwa.

Wakati wa kutosafiri

Mtetemo unaoongezeka ghafla, uvimbe kwenye tairi, nati zinazolegea tena baada ya kukazwa, na gurudumu linalocheza ni sababu tosha za kuliegesha gari. Dereva aliyekwisha kuanza safari aushike usukani kwa mikono miwili, apunguze mwendo taratibu bila kukanyaga breki ghafla, kisha asimame nje ya barabara. Hata anayempeleka mgonjwa hospitali ya wilaya ni heri atafute gari jingine: abiria na waenda kwa miguu walioko njiani hawana namna ya kujua anachokihisi dereva mikononi mwake.