Dondoo muhimu: Bonasi ya chai na bei za dukani

Mkulima wa Kericho au Bomet anayepeleka majani kwenye kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hupata pesa nyingi kwa mkupuo wakati wa bonasi, mara nyingi Oktoba. Kuanzia mwezi huohuo, mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia huanza kuvunwa na bei ya gunia hushuka. Nunua hapo, usingoje Mei uanze kununua kidogo kidogo kwa kopo la gorogoro. Gunia la kilo 90 likikulemea, changeni majirani wawili watatu. Kabla ya kulipa, uma punje: isipovunjika kwa mlio, haijakauka, na mahindi yenye unyevu huota kuvu yenye sumu. Nyumbani yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mafuta ya kupikia ya kupima hula pesa kimyakimya. Linganisha bei ya lita nzima na ya vipimo vidogo ukivijumlisha.

Managu na saga, mboga za kienyeji, panda karibu na jiko ili usizinunue.

Ukikopa dukani kwa kutegemea bonasi, andika kila bidhaa na bei ya siku hiyo katika daftari lako mwenyewe, muuzaji akiona.