Mteja Haogopi Bei, Anaogopa Kutapeliwa

Wadogo zangu, leo tuongee biashara.

Kuna ujumbe unaojirudia sana kwenye simu yangu: "Dada, nauza madera Instagram, naposti kila siku, watu wanalaiki lakini hawanunui. Nisponse tangazo?" Badala ya madera, mwingine anauza keki, mwingine udi, mwingine viatu vya mtumba. Jibu langu kwa wote ni moja: bado. Biashara matangazo, sikatai. Ila tangazo linamleta mtu mlangoni tu. Akikuta duka halieleweki anageuza, na hela yako imeshakwenda.

Fikiria kwanza huyo anayekutazama kwenye simu. Hakujui. Pengine ameshawahi kutuma pesa kwa muuzaji fulani akabaki kublokiwa, au yamemkuta shoga yake. Kabla hajajiuliza kama dera ni zuri, anajiuliza kama wewe upo kweli. Kwa anayeanza, kujitangaza ni kumwondolea mtu hofu hiyo.

Anzeni na bei. Hii tabia ya "bei inboksi" iacheni. Mteja anahisi unataka kwanza kumkagua profaili ndipo umkadirie, na wengi hawaji huko inboksi kabisa. Badala ya kuandika "Mzigo mpya umeingia, karibuni", andika hivi: "Dera la pamba, halichuji. Linamtosha wa L hadi XL. Shilingi 25,000. Zimebaki bluu, kijani na zambarau. Tupo Mbagala. Dar unaletewa na bodaboda, nauli juu yako. Mkoani tunatuma kwa basi, na risiti ya mzigo tunakupigia picha." Mtu akimaliza kusoma hapo hana cha kuuliza zaidi ya rangi.

Picha piga mwenyewe, asubuhi, karibu na dirisha, bila filta. Ukichukua picha ya mtandaoni ambayo kurasa nyingine kumi zinayo, mteja anajua mzigo huna. Video fupi inasaidia zaidi: likunjue dera, livute kitambaa, geuza pindo lionekane kwa ndani, huku ukieleza kwa sauti yako. Uso si lazima. Mikono na sauti vinatosha kumwonyesha mtu kwamba kitu unacho.

Kuna jambo dogo linalowapotezea wateja na hamlioni. Mteja anapoingiza Lipa Namba, kabla ya kuthibitisha anaonyeshwa jina la anayelipwa. Ukurasa unaitwa jina moja, kwenye simu linatokea jina la shemeji yako. Anaghairi hapohapo, na hata hakuambii. Sajili Lipa Namba kwa jina la biashara, au mwambie mapema: "Litatokea jina hili, usishtuke." Kwa mteja mgeni aliye mjini, mruhusu alipie bidhaa akishaipokea, ila nauli ya boda itangulie. Hapo yeye anapata amani, na wewe hubebi hasara akizima simu boda akiwa njiani.

Tuje WhatsApp, maana huko ndiko wengi wetu tunakouzia hasa. Pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, ina majibu ya haraka ili usichoke kuandika maelekezo yaleyale, na ina lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri. Halafu kumbuka stetasi inaonekana pale tu mlipoweka namba pande zote mbili, wewe umesevu yake na yeye amesevu yako. Kwa hiyo kila anayenunua, isevu namba yake, kisha mwombe: "Dada, nisevu ili uone mzigo mpya kabla haujaisha." Orodha hiyo, hata ikiwa ya watu thelathini, ina faida kuliko wafuasi elfu tano wa kununua ambao hawatakuulizia hata leso.

Mzigo ukifika, usipotee. Uliza kama umefika salama na kama umemkaa vizuri. Akikusifia, omba ruhusa ya kuposti maneno yake, na ufute jina, namba na picha yake kama hataki vionekane. Hili si adabu tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na skrinishoti yenye namba ya mtu imebeba taarifa zake. Akilalamika kwenye komenti, usifute wala usimjibu kwa kejeli. Mjibu hapohapo kwa upole, malizaneni inboksi, kisha urudi useme mmeyamalizaje. Wanaopita kimya wanasoma kila kitu.

Yote hayo yakikaa sawa, sasa sponsa. Chagua posti ambayo tayari watu waliiulizia bila kulipiwa. Lenga maeneo unayoweza kufikisha mzigo tu. Kama keki zako haziwezi kutoka Dar, usilipie mtu wa Mwanza aione. Weka kiasi ambacho kikipotea hutalala njaa, acha siku chache, halafu hesabu oda, siyo laiki. Na usisahau kalenda ya wateja wako. Mwisho wa mwezi watu wana mshahara, katikati wanatazama tu. Nguo za Idi zitangazwe Ramadhani ikiwa bado mbichi, maana kuna kushona, kuna kutuma mkoani, na mabasi yanajaa.

Kazi yenu ya wiki hii haina gharama. Mpe simu jirani asiyeijua biashara yako, afungue ukurasa wako, ajaribu kununua kitu kimoja mpaka hatua ya kulipa. Wewe kaa pembeni, usimsaidie. Andika kila swali atakalokuuliza: bei gani, mko wapi, nalipaje, nikipewa saizi siyo. Majibu ya maswali hayo ndiyo posti zako za wiki ijayo.