Maisha Ndani ya Meli Kubwa: Kila Kitu kwa Hesabu

Wengi wetu hapa Kitangari, na wenzetu wa Newala na Masasi, bahari tunaijua kwa kuiona Mtwara au Lindi. Wazee wetu wengi walisafiri kwa meli kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, maana wakati wa masika njia ya Rufiji ilikuwa haipitiki. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo wengi wanapanda basi.

Lakini safari ile ya meli ilikuwa ya siku moja au mbili tu. Je, mtu akikaa majini wiki mbili au tatu, anaishije? Anakunywa maji gani? Analala saa ngapi? Na ikitokea hatari, anakimbilia wapi? Leo tujifunze mambo hayo. Mwisho tutaona yanatuhusu vipi sisi wa huku.

MELI ILIYOGEUKA SHULE

Tuchukue mfano wa meli ya kweli. Jina lake lilikuwa Uganda. Iliundwa Glasgow, huko Uingereza, ikaanza kazi mwaka 1952. Urefu wake ulikuwa meta 164 hivi, yaani kiwanja cha mpira kimoja na nusu. Ilitoka London, ikapita mfereji wa Suez, ikafika Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam na Beira. Ilibeba abiria na mizigo.

Ndege zilipozidi, abiria wa meli wakapungua. Mwaka 1967 meli ile iliondolewa katika njia ya Afrika Mashariki. Ikapelekwa Hamburg, Ujerumani, ikafanyiwa matengenezo, ikawa shule! Kuanzia mwaka 1968 ilichukua wanafunzi 900 hivi, pamoja na abiria wengine 300 hivi. Iliwazungusha katika bahari ya Mediterania, na pia katika bahari za kaskazini, kama vile Norway. Walilala katika mabweni, vitanda vya juu na chini. Walisoma darasani habari za nchi wanayoiendea, kisha wakashuka kuiona kwa macho. Mwaka 1982 meli hiyo ilifanywa hospitali wakati wa vita vya Falklands, na mwaka 1986 ilipelekwa kuvunjwa.

Sasa fikiri: watu zaidi ya 1,000, wamo ndani ya chombo kimoja, hakuna duka wala kisima. Wanaishije? Wanaishi kwa hesabu.

HESABU YA SAA

Meli hailali. Usiku na mchana lazima awepo mtu wa kuangalia mbele, mtu wa kushika usukani, na mtu wa kuangalia mitambo. Kwa hiyo mabaharia hufanya kazi kwa zamu. Katika meli nyingi zamu moja ni saa nne. Wa kwanza wanashika kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Wa pili, saa kumi mpaka saa mbili. Wa tatu, saa mbili mpaka saa sita. Halafu wanarudi wale wa kwanza. Basi kila mmoja anafanya kazi saa nne, anapumzika saa nane, kisha anarudi tena.

Abiria nao wana saa zao. Chakula huliwa kwa mafungu, maana chumba cha kulia hakiwatoshi wote kwa mara moja. Ukichelewa fungu lako, unaharibu na la mwenzako.

HESABU YA MAJI

Maji yamewazunguka kila upande, lakini hayanyweki. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kama vijiko viwili vikubwa. Ukiyanywa, mwili unatumia maji mengi kuitoa chumvi ile kuliko maji uliyokunywa. Kiu inazidi. Mtu anaweza kufa.

Meli hubeba maji baridi ndani ya matangi. Tena meli kubwa huwa na mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Njia moja ni hii. Chemsha maji ndani ya sufuria, kisha funika. Ukifunua mfuniko utaona matone. Matone yale hayana chumvi. Chumvi imebaki chini. Mtambo hufanya hivyo hivyo, ila kwa wingi.

Hata hivyo maji hayo yanakula mafuta ya mitambo, kwa hiyo hayamwagwi ovyo. Jambo hili mtu wa Makonde hahitaji kufundishwa. Uwanda wetu uko juu, mchanga unanyonya mvua, na maji ya Mitema hapa Kitangari lazima yasukumwe kwa mashine ndipo yapande. Mama aliyeshuka bondeni alfajiri na ndoo kichwani anajua thamani ya kata moja ya maji kuliko abiria yeyote wa melini.

HESABU YA CHAKULA

Zamani mabaharia waliokaa majini miezi mingi walikula mikate mikavu na nyama ya chumvi tu. Wakaugua kiseyeye. Fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka, na mwisho mtu anakufa. Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind, alichukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili. Kila wawili akawapa dawa mbalimbali. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Sababu ni vitamini C.

Siku hizi meli zina vyumba vya baridi vya kuhifadhia matunda na mboga. Lakini somo ni letu pia. Bibo la korosho lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Wakati wa msimu tunaokota korosho, mabibo mengi yanaozea chini ya mikorosho huku watoto wetu wanapita. Jamani, wapeni watoto mabibo mabivu yaliyooshwa!

JUA LISILOTUA

Huko kaskazini kabisa mwa Norway, kuanzia katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai, jua halitui. Saa sita ya usiku unaliona juu ya bahari. Wakati wa Desemba ni kinyume chake: halichomozi.

Kwa nini? Jaribu hivi nyumbani. Washa koroboi usiku. Chukua chungwa, lichome kijiti katikati toka juu mpaka chini. Inamisha kijiti, ncha ya juu ielekee taa. Sasa zungusha chungwa taratibu. Upande wa katikati unapata mwanga, kisha kivuli. Huko ndiko tuliko sisi, karibu na ikweta. Lakini pale juu, karibu na ncha, mwanga hauondoki hata uzungushe vipi. Dunia nayo imeinama vivyo hivyo.

Katika meli ya huko ukingoja giza ndipo ulale, hutalala. Watu hufunga mapazia, wakafuata saa ya ukutani. Waislamu wanaoishi huko nao hawawezi kungoja jua litue ndipo wafuturu. Wengi hufuata saa za mji mwingine ambako jua linatua, au saa za Makka.

HESABU YA WATU

Hii ndiyo hesabu kubwa kuliko zote.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli Titanic iligonga mlima wa barafu unaoelea, katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Ndani mlikuwa na watu 2,200 hivi. Mashua za kuokolea zilikuwa na nafasi za watu 1,178 tu! Tena nyingine zilishushwa zikiwa nusu tupu, kwa sababu watu hawakufundishwa la kufanya. Walikufa zaidi ya 1,500. Wengi waliuawa na baridi ya maji, ingawa walikuwa wamevaa maboya.

Baada ya msiba huo, mwaka 1914 mataifa yalikutana London wakaweka sheria: kila mtu awe na nafasi katika mashua ya kuokolea. Leo abiria wa safari ndefu hufanya mazoezi mwanzoni mwa safari. Honi fupi saba, kisha ndefu moja: maana yake hatari! Kila mtu anachukua jaketi lake, anakwenda mahali pake, na watu wanahesabiwa.

NA SISI JE?

Utasema, "Mimi sitakwenda Norway." Kweli. Lakini utavuka kwenda Unguja, au utapanda mashua kuvuka Ruvuma kuwaona ndugu Msumbiji.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Siku ile hakuna aliyeweza kusema kwa hakika walikuwemo wangapi.

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuhesabu. Itumie elimu hiyo kabla hujapanda:

1. Soma idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo. Ukiona watu wamezidi, usipande. Subiri safari nyingine.

2. Toa jina lako kamili, na majina ya watoto ulionao. Hakikisha yameandikwa.

3. Uliza jaketi liko wapi, ulijaribu kulivaa. Mvike na mtoto.

4. Tazama ubavuni mwa meli. Meli kubwa zina alama ya duara lenye mstari katikati. Mstari ukizama, mzigo umezidi.

5. Mashua ndogo haina maandishi. Hesabu kwa macho yako. Maji yakikaribia ukingo, shuka.

Mwenye chombo akikucheka, mwache acheke. Kuchelewa siku moja si msiba.

MANENO YA KUKUMBUKA

Zamu: kipindi cha kazi cha kupokezana.
Kiseyeye: ugonjwa wa kukosa vitamini C.
Jaketi: vazi la kumfanya mtu aelee majini.
Mashua za kuokolea: vyombo vidogo vinavyobebwa na meli kwa ajili ya hatari.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini maji ya bahari hayakati kiu?
2. Titanic ilipungukiwa nafasi ngapi za mashua? Fanya hesabu.
3. Hapa kijijini mabibo yanatumiwaje? Tufanye nini yasipotee?
4. Nani kati yenu amewahi kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi? Mngefanya nini leo?